Chumba Kisicho na Msimamizi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata njia yao kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.



Ndugu wa jarida letu wameniomba nasaha juu ya kusoma. Nasaha za namna hii mara nyingi huandikwa na waliofaulu, wakaeleza walivyofaulu. Mimi nitaandika kama mtu aliyeanguka mahali ambapo wengi wenu mnapita leo: kusoma peke yako, mbali na chuo, simu mkononi, na hakuna anayekuangalia. Korona imepita. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023. Lakini masomo ya mtandaoni yamebaki, majaribio ya mtandaoni yamebaki, na tabia tulizozipata mwaka ule zimebaki nasi pia, nzuri na mbaya.

Elimu siku ya tauni

Kwanza tukumbuke kwamba umma huu haukuanza kujua maradhi ya kuambukiza mwaka 2020. Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) ilitokea tauni ya Amwas katika nchi ya Sham. Umar alikuwa safarini kuelekea huko, na alipofika mahali panapoitwa Sargh akapewa habari ya maradhi. Akashauriana na Muhajirina, akashauriana na Ansari, wakatofautiana: wengine walisema tuendelee, wengine walisema turudi. Mwishowe akaja Abdurrahman bin Awf (r.a.), ambaye hakuwapo kwenye mashauriano yale, akasema kwamba yeye analo jambo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.): tauni ikiwa katika nchi msiingie, na ikiwakuta mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akarudi. Tauni ile ilimchukua Abu Ubayda bin Jarrah, na ikamchukua Muadh bin Jabal (r.a.), mmoja wa wanachuoni wakubwa wa maswahaba.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Msafara mzima ulisimama ukingoja, na kilichoondoa mashaka ni elimu iliyokuwa katika kifua cha mtu mmoja, tena aliyeipokea kwa uaminifu na kuifikisha kwa uaminifu. Hiyo ndiyo thamani ya kusoma. Husomi kwa ajili ya cheti peke yake. Iko siku watu watakuwa njia panda, watakugeukia wewe, na hapo itajulikana kama ulisoma kweli au uliazima alama.

Mwaka wa korona, Rumonge

Mwaka ule nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi. Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020 serikali ya Kenya ilitangaza shule zifungwe, na vyuo vikuu viwe vimefungwa ifikapo Ijumaa ya tarehe 20. Nikafunga begi, nikapanda basi kupitia Tanzania, nikarudi nyumbani Rumonge, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura.

Wanaopajua Rumonge wanajua ni mji wa mambo mawili: ziwa na michikichi. Ndagala na mukeke wanatoka majini, mawese yanatoka mashambani. Na ni mji wa Waislamu wengi na wa Kiswahili, katika nchi ambayo sisi ni wachache. Wazee wetu wengi waliziogopa shule za misheni zama za ukoloni, wakihofia dini za watoto wao, na matokeo yake tukachelewa katika elimu ya shule. Ndiyo maana kijana wa Kiislamu kutoka mtaa wetu akienda chuo kikuu, haendi peke yake. Anakwenda na mtaa mzima mgongoni. Baba yangu alikwisha tangulia mbele ya haki. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu, na ada yangu ilitoka kwenye mawese ya mama na boti ya baba mdogo.

Sasa, Burundi haikufunga shule. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa tarehe 31 Machi, lakini wadogo zangu waliendelea kuvaa sare kila asubuhi, msikiti ulikuwa wazi, soko lilijaa. Mtaani kote mwanafunzi asiyekwenda shule alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nimefukuzwa. Chuo kilipoanza kufundisha kwa mtandao, nikasema, "Mama, nimeingia darasani," naye ananiona nimelala chali kitandani na simu usoni. Angeaminije?

Darasa la kwanza lilinipita kabisa. Ratiba ilisema saa mbili asubuhi. Nikakaa tayari saa mbili, nikakuta wenzangu wanaagana. Nilikuwa nimesahau kwamba Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja: saa mbili yao ni saa moja yetu. Nilicheka siku ile. Lakini ilikuwa dalili. Mtu aliyeko chuoni anaamshwa na kengele, na wenzake, na hata kelele za bwenini. Mtu aliyeko peke yake hana cha kumwamsha isipokuwa nafsi yake, na nafsi yangu ilikuwa imelala.

Mama alikuwa akinipa pesa za mega kila Jumatatu. Alizitoa kwenye kopo la mauzo, faranga zenye harufu ya mawese. Kwa wiki nzima zilitosha masomo, lau ningesoma. Lakini nilikuwa nikianza na somo, kisha video moja ya kupumzika, kisha ya pili, mpaka nasikia adhana ya alfajiri na bado niko macho. Naswali nikiwa na usingizi, nalala mpaka adhuhuri. Ikifika Alhamisi mega zimekwisha, namwambia mama, "Wiki hii masomo yalikuwa mazito." Ndugu zangu, ule ulikuwa uongo, na niliusema mara nyingi mpaka ukawa mwepesi mdomoni.

Kipimo cha mama

Mwisho wa Juni tukapewa jaribio la takwimu, maswali thelathini, kila mtu kwao, nusu saa. Kabla hata sijalifungua, majibu yalikuwa yamekwisha tumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanafunzi kadhaa. Nilikuwa sijasoma mada tatu. Mlango wa chumba umefungwa, pazia limeshushwa. Nikanakili. Nikapata 27 kati ya 30.

Siku zilezile, tarehe 30 Juni, Rais mpya Evariste Ndayishimiye alitangaza kwamba korona ndiyo adui mkubwa wa nchi, na bei ya sabuni ikashushwa ili watu wanawe mikono. Mama, ambaye maisha yake yote ameuza mawese, na mawese ndiyo yanayopikwa sabuni, alifurahi sana. Nilipomwambia alama zangu akasema kwa wauzaji wenzake, "Sabuni imeshuka, mwanangu kapanda!" Wakacheka wote, wakaniombea dua. Nilikuwa nimesimama pale pale.

Kisha akaja mtoto kununua mawese ya chupa moja. Mama akamimina, akatazama, akaona hayajafika shingoni mwa chupa, akaongeza. Mtoto yule alikuwa mdogo, hajui kipimo, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiangalia. Nikamuuliza, "Mama, angejua?" Hakuniangalia hata. Akasema, "Yeye hajui. Anayejua yupo."

Wallahi, hotuba nyingi nimezisikia, lakini hakuna iliyonipiga kama maneno yale. Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la wanaopunja vipimo, na inaanza kwa kuwaonya wale wanaotaka watimiziwe haki yao lakini wakiwapimia wengine wanapunguza. Siku zote nilidhani sura ile inawahusu wachuuzi wa sokoni. Siku ile nikamwona mchuuzi aliyesalimika nayo, na mwanawe msomi aliyeangukia ndani yake. Mama hapunguzi hata tone katika chupa ya mtoto. Mimi nilichukua alama 27 ambazo sikuzilima wala kuzivua.

Nikakumbuka pia kisa cha Mtume (s.a.w.) sokoni, alipopita kwa muuza nafaka, akaingiza mkono katika rundo, vidole vikakuta unyevu. Juu pakavu, chini pamelowa. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone, na akabainisha kwamba anayeghushi hayuko pamoja naye. Cheti cha udanganyifu ni rundo lile lile: juu pakavu, chini pamelowa. Mgonjwa, mteja au mwanafunzi wako wa kesho ndiye atakayeingiza mkono.

Najua dini inatufundisha kujisitiri, na aliyesitiriwa na Mola wake asijifunue. Kwa hiyo nilisita kuandika haya. Lakini jambo lile lilikwisha toka kwenye siri, kwa sababu kutubia haki ya watu kuna sharti la kuirudisha, na alama zile zilikuwa za watu. Baada ya siku nne za kuhangaika nilimwandikia mhadhiri. Sikumtaja mwenzangu yeyote. Nilisema: nilinakili, naomba alama hizi ziondolewe. Alinijibu mistari miwili. Alama zimeondolewa, na mada zile nitaulizwa kwa mdomo kwa simu baada ya wiki tatu. Nikasoma wiki tatu kama sijawahi kusoma. Nikapata 17. Nilimwambia mama 17, na nikamweleza kwa nini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hizi ndizo nitakazoziombea baraka."

Niliyojifunza katika wiki zile tatu

*Kwanza: muraqaba ndiye msimamizi.* Jibril (a.s.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ihsani, jibu lilikuwa kwamba umwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na ikiwa wewe humwoni basi Yeye anakuona. Chuo kinaweza kuweka kamera na programu za kukulinda, na mjanja akazikwepa. Anayejua kwamba anaonwa hahitaji kamera. Wekeni kanuni moja tu: siku ya jaribio, toka kwenye kundi kabla hujafungua swali la kwanza. Usiiache nafsi ichague wakati jibu liko mbele ya macho.

*Pili: ipangeni siku kwa swala.* Katika sura ya Al-Asr Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati, kisha akatutajia hasara ya mwanadamu. Asiye na kengele ya chuo anazo nyakati tano alizopangiwa na Mola wake, na hizo hazifungwi na korona. Mimi nilipanga hivi: baada ya alfajiri mpaka darasa la kwanza, somo gumu kuliko yote, kwa kuwa kichwa ni kipya na nyumba iko kimya. Kati ya adhuhuri na alasiri, mazoezi kwa kalamu na karatasi, simu ikiwa chumba kingine. Baada ya alasiri, kazi za nyumbani. Kati ya magharibi na isha, Qur'ani. Baada ya isha, nusu saa ya kujiuliza nimejifunza nini leo, kisha kulala. Ukiitengeneza isha yako, alfajiri yako itatengenea. Video zangu za usiku hazikula mega tu, zilikula na swala.

*Tatu: jifunzeni kwa wavuvi.* Baba mdogo huvua usiku kwa taa, na ndagala hufuata mwanga. Lakini siku za mwezi mpevu boti haziingii ziwani, kwa sababu mbalamwezi imeenea kote na taa zinakosa nguvu. Siku hizo halali tu. Anashona nyavu. Niliona kwamba mtandao nao una usiku wake na mwezi mpevu wake. Kwetu ulikuwa na kasi kabla ya saa kumi na moja alfajiri, watu wakiwa wamelala. Basi huo ukawa wakati wa kupakua: maandishi ya somo, na sauti ya mhadhiri badala ya video, kwa kuwa sauti hula mega chache mno. Mchana, mtandao ukiwa mzito, nasoma nilivyopakua. Tarehe 20 Mei, siku ya uchaguzi mkuu, WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii haikufunguka, nami sikuwa na ukurasa hata mmoja niliouhifadhi. Nikapoteza siku nzima nikilaumu mtandao. Mvuvi halaumu mwezi. Anashona wavu.

*Nne: msisome peke yenu, na msione haya.* Wanahistoria wanasimulia habari ya Imamu Sarakhsi, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanafi aliyeishi karne ya tano ya Hijria. Alifungwa na mtawala wake huko Uzjand, nchi inayoitwa leo Kirgizia, akawekwa ndani ya shimo. Wanafunzi wake wakawa wanakuja kukaa juu ya shimo, naye akiwa chini, bila kitabu, anawasomea kutoka kifuani nao wanaandika. Hivyo ndivyo ilivyopatikana sehemu kubwa ya Al-Mabsut, kitabu cha fikihi kinachochapwa leo kwa juzuu thelathini. Lile nalo lilikuwa darasa la mbali! Lilifaulu bila intaneti kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na nia: mwalimu hakuacha kufundisha, na wanafunzi hawakuacha kuja.

Mimi nilikubaliana na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa kwao Mombasa: kila jioni simu ya robo saa, mmoja anaeleza somo bila kutazama daftari, mwingine anamkatiza kila asipoelewa. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza wapate kuijua dini yao. Nani kati yetu ni bora kuliko wao hata aone haya kusema, "Sijaelewa"?

Na kama hupati mwanafunzi mwenzako, mfundishe yeyote. Nilimweleza baba mdogo maana ya wastani kwa mavuno ya boti yake: jumlisha makaro ya ndagala ya usiku kumi, gawanya kwa kumi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wastani haumlishi mtu usiku ambao boti imerudi tupu." Nikaduwaa. Kwa sentensi moja alikuwa amenieleza kwa nini takwimu zinahitaji pia kipimo cha mtawanyiko, mada ambayo nilikuwa nimeinakili bila kuielewa. Nilipoulizwa kwa simu, mfano nilioutoa ulikuwa huo.

*Tano: nyumba ina haki juu yako.* Jambo hili nawaambia hasa ndugu wa kiume. Binti wa baba mdogo, dada yangu, alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi nilishinda nyumbani kutwa. Yeye anarudi shule mchana na jua lote, anakuta vyombo vinamngoja, maji yanamngoja, na chakula cha jioni kinamngoja, kisha usiku anafungua daftari macho yamefumba. Mimi nilijiita mwanafunzi, na yeye je? Bibi Aisha alipoulizwa Mtume (s.a.w.) hufanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Mtume wa Mwenyezi Mungu! Sisi ni nani hata tujione wakubwa mbele ya sufuria? Nikachukua vyombo na maji, yeye akapata saa mbili kila siku. Alifaulu mtihani wake, alhamdulillah, na leo ni mwanafunzi wa chuo kikuu kama nyinyi. Huenda zile ndoo za maji zikawa na uzito zaidi katika mizani yangu kuliko shahada yenyewe.

Mwisho

Ndugu zangu, usiku wa leo kabla ya kulala jiulizeni haya. Saa nilizosema nasoma, nilisoma kweli? Pesa niliyopewa kwa ajili ya masomo, ilikwenda kwenye masomo? Alama nilizonazo, naweza kuzisimamia nikiulizwa kwa mdomo na mtu? Na je, nikiulizwa na Mola wangu? Nani nyumbani analipia muda wangu kwa muda wake?

Ikiwa kuna mahali pamelowa chini ya rundo, mlango wa toba uko wazi, na haujawahi kufungwa hata mwaka ule ambao vyuo vilifungwa. Rudisha kisicho chako, uanze upya, hata ukianza na 17.

Ewe Mola wetu, tunakuomba elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali zenye kukubaliwa. Warehemu wote waliochukuliwa na maradhi yale, na uwaponye waliobaki na athari zake. Wabarikie wazazi wetu wanaouza, wanaovua na wanaolima ili sisi tusome, na usitufanye kuwa sababu ya aibu yao duniani wala majuto yao akhera. Tujaalie siri zetu ziwe bora kuliko dhahiri zetu. Amin, amin, ya Rabbal alamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.